Jinsi Turbo Ilivyoniumbua Kwenye Posa Yangu

Jamani, hili naomba nilisimulie mwenyewe, maana nikiwaachia wengine watalitia chumvi, na chumvi halihitaji, aibu yake inajitosheleza. Kule kijijini Kinjumbi kuna watu mpaka leo hawalijui jina nililopewa na wazazi wangu, wananiita Bwana Moshi, na watoto wa pale wakiniona wanapuliza "fuuu" halafu wanatimua mbio, na mimi nacheka nao tu, nitafanyaje, si nimejitakia mwenyewe.

Kazi yangu ni baridi. Ni fundi wa mafriji na viyoyozi hapa Kilwa Masoko, nikiingia kwenye chumba cha mtu kinachofuka joto natoka kimekuwa Njombe, na nasema hivi si kwa kujisifu (sawa, kidogo ni kwa kujisifu) bali ili mpate picha ya kichwa kilichokuwa juu ya mabega yangu wakati ule. Na baada ya watu wangu, kitu ninachokipenda zaidi ni gari langu, gari dogo jeusi la mtumba lenye turbo na lile tundu la kuvutia hewa juu ya boneti. Kwa asiyejua, turbo ni kidude cha chuma kama konokono kinachozungushwa na moshi wa egzosi, nacho kikizunguka kinaisukumia injini hewa nyingi, basi gari dogo linapata nguvu za gari kubwa. Shida yake ni moja, kinapata moto kama jiko la mkaa lililopepewa, na joto lote linajikusanya humo chini ya boneti, plastiki zinakauka na kupasuka, nyaya zinakuwa ngumu kama njiti, na hewa yenyewe inayoingia kwenye injini inakuwa ya moto, kwa hiyo ukifika kile kilima cha Singino gari linakohoa na kuchoka kama mtu aliyetoka kula ubwabwa wa msibani.

Fundi wangu wa magari alishaniambia kwamba zipo blanketi maalumu za kuivalisha turbo, za nyuzi zisizoungua, niagize Dar es Salaam nisubiri zije na basi. Ushauri mzuri, wa mtu mzima. Lakini mimi nilikuwa sina muda wa kusubiri, kwa sababu Jumapili ile ndiyo ilikuwa posa yangu.

Hapa lazima nimlete Zuhura. Zuhura anafanya kazi maabara katika zahanati moja ya huku kwetu, na nilimwona mara ya kwanza nilipoitwa kutengeneza friji la chanjo. Friji lile halikuwa na ugonjwa wa maana, waya mmoja ulikuwa umelegea, lakini nilikaa nalo kutwa nzima nikiligongagonga ili nisiondoke (Zuhura anasema alijua, kwa sababu friji lilikuwa limeshapoa na fundi bado amelala chini yake akiuliza kama kuna maji ya kunywa). Tukazoeana, tukapendana, nikamwambia nataka kwenda kwao. Kwao ni Kinjumbi, baba yake ni Mzee Mtupa, mkulima wa korosho, mtu wa maneno machache sana, na Zuhura alinionya mapema: "Baba hapendi mtu mwenye mbwembwe. Mtume Shangazi, na wewe utulie."

Na desturi yenyewe ndivyo inavyotaka, mposaji haendi kwenye posa yake, anabaki nyumbani anawaachia wakubwa. Wakubwa wangu walikuwa wawili, Shangazi Mwanaidi, dada yake marehemu baba, aliyenilea tangu nikiwa sijui kufunga vifungo, na Mzee Chande, jirani yetu, ambaye ndiye alikuwa mshenga kwa sababu ana ulimi laini, anaweza kumwombea radhi mtu kwa jambo ambalo mtu huyo hajalifanya bado. Kila kitu kilikuwa kimepangwa vizuri. Wangekodi gari, wangekwenda, wangesema, wangerudi. Lakini mimi nikaona, hivi gari la kukodi la nini wakati langu lipo? Na kwa kuwa langu simwachii mtu yeyote aliendeshe, nikawaambia nitawapeleka mwenyewe, nitawashusha mbali kidogo na nyumba, nitajificha mpaka wamalize. Shangazi alinitazama, akasema, "Mwanangu, wewe una wazimu, lakini ni wazimu wa kwetu." Nikachukulia kwamba amekubali.

Basi Jumamosi nikafungua boneti, nikalitazama lile joto kama fundi anavyoitazama kazi. Sisi mafundi wa viyoyozi tuna sponji nyeusi, ndefu kama mabomba, ambazo tunayavalisha mabomba ya gesi ili baridi isitoke nje. Na mimi pale pale nikapata akili, nawaambia niliipata nikiwa nimesimama peke yangu na nikaona fahari hakuna aliyenisaidia: sponji inayozuia baridi isitoke, si itazuia na joto lisitoke? Joto na baridi si ndugu? Nikachukua sponji, nikaizungushia kwenye lile bati linalofunika turbo na kwenye bomba linaloshuka kwenda egzosi, nikaibana kwa selotepu ya fedha tabaka juu ya tabaka, ikang'aa kama zawadi ya harusi. Nikaliendesha kidogo hadi karibu na uwanja wa ndege na kurudi, nikagusa boneti kwa kiganja. Baridi! (Baridi gani, gari lilikuwa halijapata moto hata kidogo, lakini mtu akitaka kujidanganya hakosi ushahidi.)

Jumapili tukatoka. Shangazi kajipamba doti jipya la kanga na udi, Mzee Chande kanzu nyeupe na koti, na mimi nimevaa vizuri pia, shati jeupe, ingawa nilikuwa naenda kujificha. Hadi Nangurukuru mambo yalikuwa shwari, Mzee Chande anarudiarudia hotuba yake kwa sauti ya chini, Shangazi anamsahihisha. Tuliposhika barabara kuu kuelekea Somanga, nikakanyaga mafuta, turbo ikaitika, na hapo Shangazi akanusa mara moja, akanusa tena.

"Nani anachoma ndala?"

"Wanachoma mashamba, Shangazi," nikasema. "Msimu huu."

"Mashamba ya ndala?"

Mzee Chande akasema labda ni lami, lami ikipata jua hunuka, nikamshukuru moyoni, nikafungua vioo. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama, ninajua, kila ninayemsimulia ananiambia hivyo hivyo, asanteni. Lakini kusimama ni kufungua boneti mbele ya Shangazi, na kufungua boneti ni kukiri, na mimi bado nilikuwa na matumaini kwamba ile ni harufu ya ugeni tu, kama kiatu kipya.

Tukaiacha lami, tukaingia njia ya vumbi na mchanga. Sasa hapa ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu kwenye lami gari likikimbia upepo unapita chini ya boneti na kuipoza injini, lakini kwenye mchanga unakwenda pole pole kwa gia ndogo, injini inanguruma, upepo hakuna, joto linapanda tu halina pa kwenda. Kiyoyozi kikaanza kutupulizia hewa kama ya mdomo wa mtu. Shangazi akawa anajipepea kwa ncha ya kanga, Mzee Chande jasho linamshuka kwenye hotuba. Tulipokaribia, nikaona mikorosho mikubwa iliyosongamana kando ya njia, mahali pazuri pa kuficha gari, nikaliingiza huko, nikazima injini papo hapo ili mtu asisikie mngurumo. (Gari la turbo haliruhusiwi kuzimwa hivyo likiwa limechemka, unaliacha lingurume kidogo lipumue. Hilo pia nilikuwa nalijua.) Wakubwa wakashuka, wakajikung'uta vumbi, Shangazi akanitengeneza kola ya shati kana kwamba mimi ndiye ninayeingia, akasema, "Kaa hapa. Usitoke. Usikohoe." Wakaenda.

Nikabaki peke yangu na moyo wangu. Yaliyokuwa yanaendelea ndani nimeyajua baadaye kutoka kwa Zuhura, aliyekuwa nyuma ya pazia na sikio lote nje. Walikaribishwa vizuri, ikasomwa fatiha, Mzee Chande akaanza maneno yake laini, tumekuja kuomba udugu, tumeona ua, na kadhalika, mpaka Mzee Mtupa akauliza swali lake moja: "Kijana mwenyewe yuko wapi?"

Na Shangazi yangu, mwanamke ambaye sijapata kumsikia akisema uongo maisha yake yote, akajibu kwa upole: "Yuko Masoko, kaka yangu, kazini kwake. Ni kijana mtulivu sana. Hata akiwa ndani ya nyumba huwezi kujua kama yupo."

Wakati huo huo kijana mtulivu alikuwa anatazama moshi ukitoka kwenye lile tundu juu ya boneti. Kwanza ulikuwa uzi mwembamba, nikasema utakwisha. Halafu ukawa mnene, mweusi, na ile harufu ya ndala ikawa sasa ni duka zima la ndala. Nikafungua boneti. Jamani, sponji yangu ilikuwa imeyeyuka, inachuruzika kama asali nyeusi juu ya turbo, na nilipofungua tu ikapata hewa ikalipuka, puh! moto ukasimama. Tone moja likadondoka chini, na chini pale kulikuwa na nini? Majani makavu ya mikorosho ya baba mkwe wangu, tena mikorosho yenyewe ndiyo kwanza imetoa maua.

Sasa mtu mwenye akili hupiga kelele. Mimi nikakumbuka nimeambiwa nisikohoe, basi nikawa nauzima moto kimya kimya. Nauzima kwa kunong'ona. Huku natupa mchanga kwenye injini kwa viganja, huku nakanyaga majani, huku nimevunja tawi bichi napiga chini, na kila ninapopiga nasema "shhh" kana kwamba moto ni mtoto. Moshi ukawa umenivaa wote, machozi yananitoka, na ndipo nikasikia sauti ya mwanamke mzee nyuma yangu.

"Nani wewe?"

Nikageuka. Alikuwa Bi Somoe, bibi yake Zuhura, mama yake Mzee Mtupa, amekuja kufuata moshi kutoka jiko la uani, na mkononi kashika ndoo yenye mfuniko aliyokuwa anaipeleka kwa wageni. Mimi simjui, yeye hanijui, na swali lake lilikuwa rahisi kabisa, lakini kichwani mwangu lilikuwamo neno moja tu, jifiche, basi nikamjibu:

"Mimi si mtu, bibi. Mimi mpita njia."

Bi Somoe akanitazama, akalitazama gari, akaitazama mikorosho ya mwanawe, halafu akafungua kinywa, na sauti iliyotoka kwenye kile kifua kidogo nadhani Somanga waliisikia: "Motoooo!"

Walitoka wote. Majirani walitoka, wenye majembe, wenye matawi, mwenye jagi la maji ya kunawa. Na mbele yao wote alikuwa Mzee Mtupa, kanzu ameikunja kiunoni, anakimbia kama kijana. Akafika mbele yangu akasimama. Mimi tawi mkononi linawaka ncha, uso mweusi, shati jeupe limebaki jeupe mahali padogo sana karibu na kola, na adabu niliyofundishwa na Shangazi ikanitoka yenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akasema. "Zima kwanza."

Tukazima. Majani yalizimwa na majirani haraka, lakini injini ilikuwa bado inawaka, na maji yalikuwa mbali, jagi lilishakwisha, na Bi Somoe hakungoja shauri la mtu, alifungua ile ndoo akaimwaga yote juu ya turbo. Ilikuwa juisi ya ukwaju. Ilikuwa ndiyo karamu ya posa yangu, ameikamua tangu alfajiri, sukari ya kutosha. Turbo ikapiga chafya, mvuke ukapanda hadi kwenye matawi, moto ukafa, na sukari ile ikaungua juu ya chuma, shamba zima likanukia kashata. Watoto wakaanza kusogea wakidhani kuna kitu kinapikwa.

Mzee Mtupa akafuta jasho, akawageukia wageni wake waliokuwa wamefika wakihema.

"Huyu nani?"

Nikamtazama Mzee Chande, mwenye ulimi laini. Akafungua mdomo, akaufunga. Ndiyo mara pekee nimemwona akikosa neno. Shangazi akajitengeneza kanga kichwani.

"Huyu ndiye."

"Ndiye nani?"

"Ndiye yule," Shangazi akasema, na sauti inakwenda ikipungua, "aliyeko Masoko."

Nilitamani ardhi ipasuke niingie na gari langu. Nikaanza kusema nisameheni, kosa ni langu, Shangazi hana kosa, mimi ndiye niliyelazimisha, na maneno yakagoma katikati, na kusema kweli nilikuwa nalia, nilisema ni moshi lakini moshi ulikuwa umeshakwisha. Sikuwa nalilia gari. Nilikuwa naona mwanamke aliyenilea amesema uongo kwa ajili yangu mbele ya watu wazima, amesimama pale na doti lake jipya lina majivu, na Zuhura ninampoteza kwa sababu ya sponji.

Bi Somoe akaanza kucheka taratibu, kicheko cha kifuani, akashika mti asianguke. "Mimi si mtu," akasema, "mimi mpita njia!" Akawasimulia wote jibu langu, majirani wakaangua vicheko, Shangazi akajizuia akashindwa, na mlangoni kule nikamwona Zuhura, ambaye hakutakiwa kuonekana, kanga ameifumbata mdomoni na mabega yanatikisika. Nikajua hawezi kuwa analia, nayajua mabega yake. Mzee Mtupa peke yake hakucheka.

"Mwanangu," Bi Somoe akamwambia, "mie nilimwona marehemu baba yako siku ya harusi, sikujua kama ana huruma au hana, nimekuja kujua baadaye, bahati nzuri alikuwa nayo. Huyu tumeshamwona akiogopa na tumeshamwona akilia. Unataka kujua nini tena?"

Mzee Mtupa aliwarudisha wageni ndani wakale chakula, juisi ndiyo basi tena, na mimi akaniletea jembe na reki. "Majani haya," akasema, "yalikuwa yafagiwe wiki iliyopita." Basi posa yangu niliimalizia nikifagia chini ya mikorosho, na yeye baada ya kula akaja akavua kanzu, akabaki na msuli na fulana, tukafagia wote, yeye huku mimi kule. Tukafika kwenye tawi lililoungua maua. Akaligeuza geuza kwa vidole.

"Kwa nini ulikuja?" akauliza.

Nilikuwa nimeshachoka kusema uongo siku ile. Nikamwambia, "Baba, nilisema ni kwa sababu ya gari. Lakini nilitaka niwe karibu jibu likitoka. Nyumbani nisingeweza kukaa."

Akalikata lile tawi kwa panga, akaliweka kando. Akafagia kidogo. Halafu akasema, "Mimi nilijificha bandani kwa mkwe wangu, kwenye magunia ya ufuta. Nikapiga chafya." Na akaendelea kufagia, na mimi sikuthubutu kucheka mpaka nilipoona yeye mwenyewe mgongo unatikisika, mabega yale yale ya binti yake.

Gari halikuwaka, nyaya zilikuwa zimeshikana na sponji kama ubuyu. Shangazi na Mzee Chande walipelekwa hadi lami kwa bodaboda (Shangazi kakaa upande, udi wake unapepea, alipofika mbali bado nilikuwa namsikia akimkaripia dereva), na mimi siku iliyofuata nilivutwa na lori la ufuta mpaka Masoko, nimekaa nyuma ya usukani wa gari lisilo na uhai, natabasamu na kila aliyenipita. Fundi wangu alipofungua boneti alinusa, akasema, "Ukwaju?" Nikasema, "Ukwaju." Akaenda kuchukua bisibisi.

Jibu lililetwa na Mzee Chande, ulimi wake umesharudi. Alikaa kibarazani kwetu, akanywa kahawa kwanza, akazunguka, akasifu hali ya hewa, Shangazi nusura amtikise. Wamekubali, akasema, wamekubali kwa moyo mweupe, ila Mzee Mtupa ana sharti moja: siku ya harusi bwana harusi aje kwa basi. Nikaja kwa basi, nimeketi siti ya dirishani na kanzu yangu, mikono magotini, nimetulia kama nilivyosifiwa.

Siku hizi turbo yangu ina blanketi lake la kweli, la nyuzi zisizoungua, lilikuja na basi kutoka Dar es Salaam kama nilivyoambiwa, na bati jipya juu yake, na nikifika mahali naliacha lingurume kidogo kabla ya kuzima hata kama ninayemfuata ananiona. Nimeapa kwamba kitu nisichojua kinavumilia moto kiasi gani hakiingii tena chini ya boneti. Na nimeapa la pili, hili Zuhura ndiye aliyeniapisha huku ananiwekea mtoto wetu wa kiume mapajani: huyu akikua akaja siku moja kunitaka nimposee, nitamweleza kisa hiki chote tangu mwanzo, kisha nitampa nauli ya kwenda mahali popote duniani isipokuwa kwa wakwe zake.